Nyota Alizodhani Zimetiwa Chumvi

Siku ile mpiga picha alikwenda soko la vitu vilivyotumika kutafuta miguu ya kamera, si mwanamume. Miguu yake ya zamani ilikuwa imevunjika goti katikati ya harusi ya watu, bibi harusi akiwa ameshapanga tabasamu, naye akalazimika kumaliza shughuli akiwa amepiga magoti kama mtu anayeomba msamaha. Kwa hiyo alikuwa na haraka, na hasira kidogo. Alipenya kati ya majokofu yasiyo na milango na malundo ya pasi, mkoba ameukumbatia kifuani, gauni lake la rangi ya zambarau likikwaruzwa na kila kitu chenye kona, mpaka akaiona: miguu mitatu ya chuma, imara, imesimama nyuma ya meza ya muuzaji.

Juu yake lilikuwa limefungwa bomba jeupe, nene kama paja la mtu mzima, limejaa vumbi.

Aliposhika mguu mmoja, mkono mwingine ulikuwa umeshashika bomba. Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikapauka. Kwenye kucha zake kulikuwa na grisi, lakini kola ilikuwa imepigwa pasi ikasimama. Ni nani anayepiga pasi kola ya ovaroli? Hilo ndilo lililomfanya amtazame mara ya pili.

Mwanamume akaeleza kwamba yeye ni fundi wa lifti na kwamba anachotaka ni lile bomba tu, kwa maana ni darubini. Mpiga picha naye akasema anataka miguu tu. Ikaonekana mambo yamekwisha, ila muuzaji akakataa. Alisema bomba na miguu ni mke na mume, na yeye havunji ndoa za watu. Waliokuwa karibu wakacheka. Wawili wale wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke, na hakuna aliyeondoka.

"Unalitakia nini hilo bomba?" mpiga picha akauliza.

"Nataka kuona nyota."

"Nyota zipo juu kila siku. Huhitaji kununua kitu."

Fundi akapangusa vumbi kwa kiganja. "Zipo kwa wengine," akasema.

Mpiga picha alidhani ni mzaha, akacheka. Nusu saa baadaye walikuwa wamechangia bei na wamebeba mzigo, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakielekea nyumbani kwa mpiga picha. Fundi alikuwa amepanga chumba cha chini ambacho dirisha lake lilitazama ukuta, ilhali mpiga picha aliishi na mama yake ghorofa ya juu kabisa, na ngazi za dharura zilifika mpaka kwenye paa.

Mama, karani mstaafu aliyezoea kuhoji kila mgeni kana kwamba amekuja kufungua jalada, aliamkiwa shikamoo kwa adabu, akaitikia, akalizunguka bomba mara moja. Aliuliza kama hicho kitu kinakula umeme. Alipoambiwa hakili, akasema basi kikae.

Jioni hiyo walipanda paani jua likiwa limezama na anga ingali na rangi ya chungwa upande mmoja. Kulikuwa na matangi ya maji, kamba za kuanikia nguo, na mwezi nusu juu ya vichwa vyao. Kuuona mwezi kwa macho ni jambo moja, kuuleta ndani ya bomba ni jambo jingine. Kwanza waliona giza. Kisha wakaona tangi la maji la jengo la jirani, limepinduka miguu juu. Kisha wakamwona jirani mwenyewe, naye miguu juu, akianua shuka, wakainama haraka kwa aibu. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Halafu mwezi ukaingia.

Mpiga picha ndiye aliyekuwa kwenye lenzi. Alinyamaza ghafla, na yule fundi akadhani amejiumiza. Alichokiona hakikuwa ile sahani nyeupe aliyoizoea. Ilikuwa nchi, yenye milima, na milima ile ilikuwa na vivuli. Kulikuwa na mashimo ya mviringo yaliyoingiliana, mengine yamejaa giza mpaka ukingoni na mengine yakimulikwa ubavu mmoja tu, na katika mpaka wa nuru na giza kulikuwa na kilele kimoja kilichoanza kupata mwanga wa asubuhi ya huko, kikiwaka peke yake. Maisha yake yote alikuwa ameupita mwezi kama mtu anavyopita nyumba ya jirani bila kubisha hodi.

"Njoo," akamwambia fundi kwa sauti ya chini. "Njoo uone kabla sijaanza kulia."

Fundi akainama. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, na hakuyaficha. Wakamwita mama. Yule bibi akapanda ngazi akilalamikia magoti, akaweka jicho kwenye lenzi. Kisha, bila kuondoa jicho, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akasimama peku juu ya saruji. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Baada ya hapo fundi akawa mtu wa kupiga simu. Alipiga mchana, sauti yake ikija na mwangwi wa vyumba vya mashine.

"Bi Picha, leo anga ikoje?"

"Mawingu matupu, Fundi."

"Basi nitakuja tuangalie mawingu."

Naye alikuja kweli, na ovaroli amebadilisha, amevaa shati jeupe, na ile kola ikiwa imesimama kama kawaida. Siku za harusi mpiga picha aliichukua miguu kazini na darubini ililala chini ya kitanda. Siku nyingine waliwahi kupanda kabla ya giza kuingia. Walijifunza pamoja kama watoto. Walijua kwamba darubini lazima iachwe nje kwanza ipoe, kwamba saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa hutoa mvuke wa joto unaofanya kila kitu kitetemeke, na kwamba ukigusa bomba kwa kidole tu nyota inaruka kama kiroboto.

Wiki moja wakampata Zuhali, ile sayari ya mbali. Kwa macho alikuwa nukta ya manjano isiyo na mbwembwe. Ndani ya bomba alikuwa mdogo, mkamilifu, amevaa pete yake, akielea mahali pasipo na chochote cha kumshikilia. Mpiga picha hakuamini. Alizunguka mbele ya darubini akachungulia kama kuna mtu amebandika picha kwenye kioo. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa akamvuta naye akae, na wakakaa hivyo, bega kwa bega, migongo ikiegemea tangi, kila mmoja akijua kwamba mwenzake hasikilizi tena maji yakidondoka ndani ya tangi.

"Kipenzi," fundi akasema siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Rudia," mpiga picha akasema, "hilo sikulisikia vizuri."

Akarudia.

Ikabaki kazi ya kupiga picha. Kwanza walijaribu kwa simu iliyoshikiliwa kwenye lenzi, wakapata ukungu na vidole. Fundi akachonga pete ya chuma, akaipiga tupa jioni kadhaa mpaka kamera ya harusi ikakaa mwishoni mwa darubini bila kuyumba. Mpiga picha akaacha kamera ifungue jicho lake kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga, na nyota zikatoka si nukta bali michirizi. Alidhani pete imelegea. Ndipo alipoelewa kwamba pete haikuwa na kosa. Aliyesogea alikuwa yeye. Nyumba, mama jikoni, matangi, nguo kambani, mji mzima na taa zake, vyote vilikuwa vinazunguka pamoja na dunia, na kamera ndiyo pekee iliyokuwa imesema kweli. Darasani aliwahi kukariri jambo hilo. Paani aliushika ukuta wa tangi kwa kizunguzungu.

Dawa ikawa kupiga picha nyingi za kitambo kifupi, kisha kuzipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, mwanga ukaongezeka tone kwa tone kama maji ya bomba bovu yanayojaza ndoo. Fundi alipenda sana kusikia jambo hilo. Alimwomba amweleze mara mbili.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mpiga picha alikiweka moyoni kama hazina. Kila walipopanda zile ngazi za dharura, ambazo hazikuwa na taa, fundi alimwomba mkono. Mwanamume aliyekuwa akipanda mashimo ya lifti kutwa nzima aliuomba mkono wake kupanda ngazi chache. Anajua kupenda huyu, mpiga picha akawaza.

Msimu ukageuka. Zuhali akashuka magharibi, na mashariki zikapanda zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ambazo kila mtu anazijua. Chini ya mstari huo, mpiga picha alikuwa amesoma, kuna wingu la gesi ambamo nyota mpya zinazaliwa. Aliliona kwa darubini jioni ya kwanza tu: doa la kijivu, hafifu, lenye mbawa, kama pumzi juu ya kioo. Alimwachia fundi nafasi. Fundi akasema analiona. Kesho yake akasema tena analiona, ni zuri sana.

Siku ya tatu mpiga picha aliweka darubini sawa, kisha, akiogopa umande, akaifunika mbele kwa kifuniko cha plastiki akateremka kuchukua sweta. Aliporudi fundi alikuwa ameinama kwenye lenzi.

"Unaliona?"

"Naliona. Leo limetulia, kama moshi. Zuri sana, kipenzi."

Mpiga picha akanyoosha mkono mbele ya bomba. Kiganja chake kikagusa plastiki. Akakitoa kifuniko, akakitia mkononi mwa fundi.

Fundi alikipapasa, akajua ni nini.

Mtu mwingine labda angecheka. Lakini mpiga picha aliwahi kuwa na mchumba aliyekuwa na nyumba ya pili na watoto wa pili, na kila alichomwambia kilikuwa kimefunikwa hivyo hivyo, kwa sauti ya upole hiyo hiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Tangu lini unanidanganya?"

"Tangu mwanzo," fundi akasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo baya zaidi ambalo angeweza kulitoa. Mpiga picha alimwambia aende. Alimsikia akishuka ngazi taratibu mno, akijigonga kwenye vyuma, na akadhani ni hasira.

Simu zikaja, hakupokea. Kisha zikakoma, na kukoma kwake kukamuuma kuliko kuja kwake. Mama alivumilia siku chache, halafu wakati wakichambua mchele akatoa maoni yake: mwanamume anayesingizia kuona nyota ili tu akae na wewe paani, katika ujana wao wangemwekea kiti. Mpiga picha akamjibu kwamba uongo ni uongo. Mama akasema sawa, ila uongo nao una sababu, na yeye katika ukarani wake hakuwahi kufunga jalada kabla ya kusoma ukurasa wa mwisho.

Ukurasa huo mpiga picha aliusoma kwa bahati tu. Alikuwa akipiga picha sherehe ya uchumba katika jengo refu, ukumbi umejaa marashi na vitambaa vya dhahabu, lifti ikakwama na wageni wazee wakakwama chini. Mafundi wakaitwa. Mpiga picha alitoka kwenye korido kupumua, na huko mwisho, ambako taa zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya matengenezo, akamwona.

Fundi alikuwa ametoka kwenye mwanga wa ukumbi kuingia kwenye kiza. Alisimama. Akanyoosha kiganja mpaka kikapata ukuta. Mwenzake akamshika kiwiko na kumnong'oneza kwamba mbele kuna vidato viwili vya kushuka. Fundi akatanguliza mguu hewani, akautafuta mtelemko kama mtu anayepima kina cha maji asiyoyajua. Na mwanga uliovuja toka ukumbini ulitosha. Mpiga picha aliviona vidato vile vizuri kabisa.

Akashusha kamera. Zile ngazi za dharura, ule mkono, kule kujigonga kwenye vyuma, vyote vikamrudia kwa pamoja. Hakumwita. Alirudi ukumbini akamaliza kazi ya watu, na picha nyingi za siku hiyo zilitoka zimetikisika.

Alipofika nyumbani alipiga simu. Ilipokelewa mara moja.

"Huoni gizani," akasema.

"Sioni," fundi akajibu.

Kisha akasimulia yote. Alizaliwa na macho hayo. Mchana anaona, kwenye taa anaona, mwezi na Zuhali vinang'aa kiasi cha kumfikia. Jua likizama, dunia yake inafungwa. Utotoni alisikia watu wakisema mbingu imejaa nyota, nyota hazihesabiki, akainua kichwa akaona labda moja, labda mbili. Alidhani watu wanatia chumvi, kama wanavyosema mtu fulani ana nguvu za simba. Alikuwa mtu mzima alipogundua kwamba wanasema wanachokiona. Ndipo alipoanza kutafuta darubini. Na daktari alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa huo hautulii, kwamba hata mchana wake utaendelea kuwa mwembamba, polepole, kama mlango unaorudishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihurumia. Nilitaka unipende kwanza."

"Na uliponishika mkono kwenye ngazi, ulikuwa unanitaka mimi au ulikuwa unatafuta njia?"

"Vyote viwili," fundi akasema. "Nisikudanganye tena. Vyote viwili."

Mpiga picha alijikuta anacheka huku analia, na alipomaliza yote mawili akamkasirikia upya. Alimuuliza anafanya nini ndani ya mashimo ya lifti na macho hayo, na siku akimwangusha mwenzake atamweleza nini mke wa mtu. Akamwambia haji paani kwake mpaka amwambie msimamizi wake ukweli. Fundi alisema kazi ndiyo jina lake, akiipoteza atabaki nani. Lakini Jumatatu alikwenda akasema. Msimamizi alimfokea, kisha akamhamishia karakana, kwenye meza yenye taa kali, kutengeneza mitambo ya kuongozea lifti. Mashimo akayaaga. Alimpigia mpiga picha kumwarifu, na sauti yake haikuwa na mwangwi.

Wakati huo mpiga picha alikuwa na kazi yake. Kila jioni isiyo na mawingu alipanda peke yake, akaielekeza darubini chini ya zile nyota tatu, akaiacha kamera ifungue na kufunga jicho, ifungue na kufunga. Mama alimletea chai, akakaa naye kizani. Picha moja moja hazikuwa na kitu, weusi na vumbi. Kompyuta ikazipokea zote, ikazilaza moja juu ya nyingine, na asubuhi moja mpiga picha alipoongeza mwanga kidogo, akasukuma kiti nyuma.

Akamwita fundi Jumapili, mchana, jua likiwaka dirishani. Fundi alikuja na shati lake jeupe. Mama alimwitikia salamu, akaingia jikoni, akaacha mlango wazi. Mpiga picha akamkalisha mbele ya kompyuta, akaiwasha mpaka kioo kikang'aa.

Wingu lilikuwa limefunguka kama ua. Kingo zake zilikuwa nyekundu ya waridi, zikikunjamana, na kuelekea kati rangi iligeuka samawati, kisha nyeupe isiyotazamika vizuri, na ndani ya weupe huo kulikuwa na nyota nne ndogo zimekusanyika kama watoto wachanga kwenye mkeka mmoja. Ilikuwa nuru iliyotoka huko zaidi ya miaka elfu iliyopita. Ilisafiri muda huo wote bila kugusa kitu, mpaka ikaangukia kwenye paa lenye kamba za nguo, ndani ya kamera ya harusi, kupitia pete iliyochongwa kwa tupa.

Fundi alisogeza kichwa kidogo kidogo, kushoto, kulia, juu, kwa sababu macho yake hayakuweza kulimeza lote kwa mara moja. Alipumua kama aliyepanda ghorofa nyingi.

"Na hiki kidogo hapa?"

"Nyota."

"Na hiki?"

"Nyota pia."

Mpiga picha akafungua picha ya pili, aliyoipiga kwa lenzi ya kawaida. Matangi yalikuwa chini, meusi, na shuka moja iliyosahauliwa kambani, na juu yake mbingu imemwagika nyota toka ukingo hadi ukingo, kiasi kwamba hata yeye kwa macho yake hakuwahi kuziona nyingi hivyo mjini.

Fundi akaweka kidole juu ya kioo, akakiondoa, asizifunike. "Hizi zote ziko juu ya nyumba hii?"

"Siku zote."

"Basi watu hawakutia chumvi."

"Walipunguza," mpiga picha akasema.

Fundi akainamisha uso kwenye viganja vyake. Mabega yalitikisika. Mpiga picha akamwacha, kwa sababu kuna kilio ambacho ukikibembeleza unakiharibu. Alipoinua uso alizungumza kama mtu aliyelipanga neno njiani.

"Siku itafika hata hii sitaiona. Ukinikubali, ujue unakubali na hilo."

"Siku hiyo nitakusimulia."

"Kila siku?"

"Ndoa ni nini, kama si kusimuliana?" Kisha akasikia alichokisema, akaona haya, lakini hakukirudisha.

Kutoka jikoni, mama akasema kwamba yeye hasikii kitu, ila kama kuna watu wanataka kuja kujitambulisha rasmi, waje wiki ijayo kwa kuwa wiki hii ana wageni.

Jioni walipanda paani. Darubini waliiacha chini. Hewa ilikuwa safi, mvua ilikuwa imeosha moshi wa mji mchana. Fundi aliinua kichwa kwenye weusi wake, akauliza kuna nini sasa hivi, na akamwomba asiache kitu. Mpiga picha akasimama nyuma yake, kidevu begani mwake, akaanza upande wa mashariki, taratibu. Alisema kuna moja ya manjano imekaa juu kidogo ya jengo la benki. Pembeni yake kuna mbili zimekaribiana, moja kubwa na moja kama inayojificha nyuma ya mwenzake. Juu zaidi kuna fungu dogo, kama konzi ya mchanga mtu amerusha na haujaanguka. Fundi aliuliza unang'aa vipi huo mchanga. Mpiga picha akatafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine, akampa. Walikuwa hawajafika hata katikati ya mbingu, na hakuna aliyekuwa na haraka.